Lugha moja, nchi mbili: stori ya KaNyamazane, lokesheni ya Waswati kule Bondeni



Juzi nilikuwa nimekaa kijiweni, jamaa mmoja akaanza kumwaga sera. Eti matatizo yote ya Afrika yangekwisha kama kila kabila lingepewa nchi yake. Wamakonde wawe na yao, Wamasai yao, Wahaya yao, wanaoongea lugha moja wakae pamoja na mpaka uchorwe hapo hapo. Watu wakatikisa vichwa, "kweli mzee, umenena!" Mimi nikanyamaza, maana mawazo yangu yalikuwa yameshafika mbali, Bondeni, kwenye lokesheni moja inaitwa KaNyamazane. Watu wa kule waliwahi kufanyiwa hiyo sera kwa vitendo, siyo kijiweni. Na walipoambiwa kwamba ni kwa faida yao, wakasema hapana.

Basi leo naomba niwape stori ya mahali hapo, maana wengi wetu tukisikia Sauzi tunajua Joburg, Durban na Cape Town, basi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama salio la kafe linakaribia kuisha ongeza nusu saa kabisa.

NILIFIKAJE HUKO

Mimi ni mtoto wa Mtwara. Nilipomaliza form four matokeo yalikuja ya "asante kwa kushiriki". Mwaka 2016 binamu yangu, ambaye alikuwa anafanya kazi ya kunyoa kule, akaniambia njoo uangalie mazingira. Nikavuka Ruvuma, nikapanda mabasi ya Msumbiji siku kadhaa mpaka Maputo, halafu nikatokea mpaka wa Ressano Garcia na kuingia Komatipoort, upande wa Afrika Kusini. Ukishavuka unashika barabara kuu ya N4, kushoto miwa, kulia ndizi, mbele machungwa, mpaka unakaribia mji wa Mbombela, ambao zamani uliitwa Nelspruit. KaNyamazane iko upande wa mashariki wa mji huo, mwendo wa basi, karibu na Mto Crocodile, yaani mto wa mamba.

Nilikaa karibu miezi mitatu, kisha nikarudi nyumbani. Sikwenda kama mtafiti, nilikuwa nafagia nywele kwa binamu. Lakini si mnajua wenyewe, kinyozi ndiyo chuo kikuu cha mtaa. Halafu tulipanga chumba uani kwa bibi mmoja wa Kiswati, na yule bibi ndiye aliyenifundisha mengi ya haya. Mengine nimeyasoma baadaye ili nisije nikawadanganya.

JINA NA LUGHA

Kule bibi anaitwa "gogo". Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, maana kwetu gogo ni la mti! Lakini baada ya wiki moja nikaacha kucheka, nikaanza kushangaa. Nyama ni "inyama". Mtu ni "umuntfu", watu ni "bantfu". Maji ni "emanti". Baba ni "babe". Mbili, tatu, nne ni "kubili, kutsatfu, kune". Salamu yao "sawubona" ndani yake mna "bona", ambayo ni ndugu wa "ona" yetu. Yaani mtu akikusalimu ni kama anakuambia tumekuona. Babu ni "mkhulu", na ukiisikiliza vizuri unasikia "mkuu" mle ndani. Hizi lugha ni watoto wa mama mmoja, wamepotezana tu njiani.

Jina la lokesheni yenyewe nalo lina kisa. "Ka" ni kama "kwa" yetu. "Inyamazane" ni mnyama wa porini, kama swala. Kwa hiyo KaNyamazane ni "kwa mnyama" au "kwa swala". Lakini Mswati halisi hasemi inyamazane, anasema "inyamatane", kwa sababu mahali penye Z ya Kizulu Kiswati mara nyingi huweka T. Ng'ombe kwa Kizulu ni "izinkomo", kwa Kiswati "tinkhomo". Sasa mbona jina la mji wa Waswati limeandikwa kwa Z? Kwa sababu kwa miaka mingi shule za Waswati zilifundisha kusoma na kuandika kwa Kizulu, na Kiswati kilichelewa sana kuingia kwenye vitabu. Kwa hiyo hata kibao cha barabarani kinakukumbusha kuwa watu hawa waliwahi kuandikwa kwa lugha ya jirani.

Leo Kiswati ni moja ya lugha rasmi za Afrika Kusini. Kina hadi redio yake, Ligwalagwala FM, chini ya shirika la utangazaji la SABC, na makao yake yako hapo hapo Mbombela. Ligwalagwala ni jina la ndege mwenye manyoya mekundu ambayo kwa Waswati huvaliwa na watu wa ukoo wa kifalme. Kwa bibi yetu hiyo redio haikuzimwa. Ililala ikiongea, ikaamka ikiongea.

Halafu kuna hii inayowashangaza wengi. Sensa ya Afrika Kusini ya 2011 ilihesabu watu karibu milioni 1.3 ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswati. Sensa ya nchi ya Waswati yenyewe ya 2017 ilihesabu watu wote wa nchi hiyo karibu milioni 1.1. Umeona hapo? Wanaoongea Kiswati nje ya nchi ya Waswati si wachache hata kidogo, ni wengi kama waliomo ndani!

MPAKA ULIPITA JUU YA WATU

Ilikuwaje? Swaziland, ambayo tangu Aprili 2018 inaitwa Eswatini, ilikuwa ufalme uliotambaa mbali kuliko ramani ya leo. Karne ya 19 Waingereza na Makaburu walikaa mezani wakachora mipaka. Mikataba miwili mikubwa ni ule wa Pretoria wa 1881 na ule wa London wa 1884. Ufalme wa Waswati ulitambuliwa, lakini kwa mipaka iliyowaacha Waswati wengi na machifu wao upande wa pili, kwenye nchi iliyoitwa Transvaal. Hawakuhama wao. Mpaka ndio uliowapita.

Mtu wa Mtwara nikisikia hivyo sihitaji maelezo zaidi. Bibi yangu mimi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, na ndugu zake wako huko mpaka leo. Tunaongea lugha moja, wao wanachanganya na Kireno, sisi na Kiswahili.

Swaziland ilipata uhuru Septemba 6, 1968. Waswati wa upande wa Afrika Kusini wakabaki chini ya ubaguzi wa rangi.

MAKABURU NA "NCHI" ZA KUCHONGA

Sasa hapa tuwe makini, maana ndipo kwenye mzizi wa lokesheni. Sera ya Makaburu ilisema mtu mweusi haishi mjini. Mjini anakuja kufanya kazi tu, kazi ikiisha arudi "kwao". Na "kwao" ni wapi? Ni eneo lililotengwa kwa kabila lake, tunalolijua kwa jina la bantustani. Zilikuwa 10. Sheria ya mwaka 1970 ikasema kila Mwafrika atahesabiwa kuwa raia wa bantustani ya kabila lake, hata kama amezaliwa Joburg na hajawahi kuiona.

Waswati walitengewa KaNgwane, maana yake kwa Ngwane, jina la mfalme wao wa zamani. Bunge lake dogo lilianza 1977. Usifikiri ilikuwa nchi moja iliyokaa pamoja. Ilikuwa vipande. Kipande cha Nkomazi kiko chini, karibu na Swaziland na Msumbiji. Kipande cha Nsikazi kiko juu, karibu na Nelspruit na mbuga ya Kruger, na hakigusani kabisa na Swaziland. KaNyamazane iko kwenye hicho kipande cha Nsikazi.

Kwa nini iliwekwa pale? Piga hesabu. Nelspruit ilikuwa mji wa wazungu, na ilihitaji wapishi, wafagiaji, wajenzi, wachumaji machungwa, yaya. Ukiwajengea mjini unavunja sheria ya ubaguzi. Ukiwajengea mbali sana hawafiki kazini. Basi unawajengea ndani ya bantustani, lakini kwenye ukingo wake, mahali basi la alfajiri linaweza kuwafikisha. Kwa ujanja huo mfanyakazi analala "nchi" nyingine na kufanya kazi mjini kila siku. Ndiyo maana nyumba za zamani za KaNyamazane zimepangwa kama viberiti, zinafanana, mistari imenyooka. Hazikuchorwa na mtu aliyewaza familia. Zilichorwa na mtu aliyewaza idadi ya wafanyakazi.

Gogo alifanya kazi za ndani mjini miaka mingi. Aliniambia kwa miaka hiyo yote alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, na watoto wake aliwaona mchana Jumapili tu.

MWAKA 1982: "MNAPEWA MFALME WENU"

Hii ndiyo sehemu niliyomnyamazia yule jamaa wa kijiweni.

Juni 1982 serikali ya Makaburu ilitangaza kwamba KaNgwane, pamoja na eneo la Ingwavuma lililokuwa upande wa Wazulu, vitakabidhiwa kwa Swaziland. Ardhi na watu wake, vyote kwa pamoja. Bunge la KaNgwane likavunjwa. Kwa Swaziland ilikuwa ndoto ya miaka mingi, maana Mfalme Sobhuza II alitaka sana kuwarudisha Waswati waliokatwa na mpaka, na kupitia Ingwavuma nchi yake ingefika baharini. Kwa Makaburu faida ilikuwa mbili. Ya kwanza, Waafrika mamia ya maelfu wangeacha kuwa raia wa Afrika Kusini bila kufyatua risasi hata moja. Ya pili, Swaziland ingekuwa rafiki katika vita yao na wapigania uhuru wa ANC, na kweli mwaka huo huo wa 1982 nchi hizo mbili zilikuwa zimeshasaini makubaliano ya siri ya usalama, ambayo yalikuja kujulikana 1984.

Ukiiangalia kwa macho ya kijiweni, ni mpango mzuri eeh? Lugha moja, mila moja, mfalme mmoja. Makosa ya 1881 yanasahihishwa.

Lakini kiongozi wa KaNgwane, Enos Mabuza, aliyekuwa mwalimu kabla ya siasa, alikataa. Chama chake cha Inyandza kikakataa. Walikwenda mpaka mahakamani. Wazulu nao walikwenda mahakamani kwa ajili ya Ingwavuma, wakashinda. Kabla mwaka haujaisha serikali ilibidi irudishe bunge la KaNgwane. Ikaundwa tume chini ya Jaji Rumpff ichunguze suala zima, na 1984 mpango ukatupwa. Sobhuza mwenyewe alikuwa ameshafariki Agosti 1982, hakuona mwisho wake.

Nilimuuliza gogo, wewe ni Mswati, mfalme wa Waswati unamheshimu, picha yake umeweka sebuleni, kwa nini hukufurahi kurudishwa kwake? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hapandi mti. Akasema, "Mntfwanami, mimi kuwa Mswati hakuna wa kunipa wala kuninyang'anya. Lakini nimejenga kwa jasho langu ule mji wa wazungu. Siku ulipokaribia kuwa wangu, wanataka kuniambia mimi ni mgeni?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpango ule ulipambwa kwa lugha na mila, lakini ndani yake ulikuwa ni mpango wa kumfanya mwenye nyumba awe mgeni. Ukishakuwa raia wa nchi jirani huna tena cha kudai. Huna kura, huna mji, huna shule nzuri ya kugombania. Unakuja na kibali, unafanya kazi, unarudi "kwenu". Bantustani nne zilikubali kuitwa nchi huru: Transkei 1976, Bophuthatswana 1977, Venda 1979 na Ciskei 1981. KaNgwane haikukubali mpaka mwisho. Na Machi 1986 Mabuza akaongoza ujumbe kwenda Lusaka kukutana na ANC, wakati huo chama bado kimepigwa marufuku nchini kwao. Kwa kiongozi wa bantustani hiyo ilikuwa noma kweli kweli.

Aprili 27, 1994, siku ya uchaguzi ule wa kwanza wa watu wote, KaNgwane ikafutwa na kurudi kuwa Afrika Kusini. Gogo alipanga foleni ya kura tangu alfajiri. Anasema ilikuwa mara ya kwanza anaamka saa kumi kwa ajili yake mwenyewe.

HAWAKUWA WASWATI TUPU

Kitu kingine ambacho watu wa "kila kabila na nchi yake" hawakisemi: hakuna mahali palipo na kabila moja tu. KaNyamazane utasikia Kiswati, lakini utasikia Kitsonga, Kizulu na Kireno cha Msumbiji pia. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilipochachamaa, wakimbizi walivuka mpaka kwa miguu, wengine wakipitia kwenye mbuga ya Kruger yenye simba. Serikali ya Makaburu iliwahesabu kuwa wahamiaji haramu. Serikali ya KaNgwane iliwapokea na kuwapa mahali pa kukaa. Kina mama waliokuwa wenyewe wanaambiwa ni wageni ndio waliowafungulia mlango wageni.

Hata Rais Samora Machel, ambaye sisi Dar tuna barabara yenye jina lake, alifia kwenye ardhi hiyo hiyo ya KaNgwane. Ndege yake ilianguka Oktoba 19, 1986 mahali panapoitwa Mbuzini (ndiyo, hata Mswahili analisikia jina hilo bila mkalimani). Walikufa watu 35. Pale pamejengwa mnara wa nguzo 35 za chuma, na upepo ukivuma zinatoa sauti kama ya kilio.

Na yule mpiga gitaa maarufu Ray Phiri wa bendi ya Stimela, aliyepiga kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, alikuwa mtoto wa maeneo haya ya Mbombela. Jina lenyewe Phiri linakuambia kuna mkono wa Malawi hapo. Alifariki Julai 2017.

MAISHA YA MTAANI

Msije mkadhani watu wa kule wanaishi kwa siasa tu. Maisha yenyewe ungeyatambua mara moja. Ugali upo, wanauita "lipalishi", na mboga ya majani ya maboga, na maziwa mgando wanayoyaita "emasi". Vijana wanakula "kota", robo ya mkate iliyotobolewa katikati ikashindiliwa chipsi na vikorombwezo. Ikifika Februari miti ya mng'ongo inaangusha matunda, kina mama wanatengeneza pombe yake inayoitwa "buganu", na mtaa mzima unakuwa na furaha isiyoelezeka.

Upatu upo! Wao wanauita "stokvel". Gogo alikuwa na wa vyakula vya Desemba na wa pesa taslimu. Lakini kilichonigusa zaidi ni chama cha kuzikana, "masingcwabane". Kila mwezi unachanga kidogo. Siku ukifiwa, sufuria, hema, viti, sanduku, vyote vinakuja bila wewe kuhangaika. Mazishi mengi ni Jumamosi asubuhi mapema, na usiku wa Ijumaa kuna mkesha wa nyimbo. Nilihudhuria mmoja. Wazayuni wenye kanzu zao, kina mama wa makanisa mengine na sare zao, vijana wakichimba kaburi kwa zamu. Mtu aliyelala kwenye bantustani akiitwa mgeni maisha yake yote anazikwa kama mwenyeji kabisa.

Asubuhi kwenye saa kumi na moja mabasi marefu yanaanza kujaa kwenda mjini, na vipanya vyao wanaviita "taxi". Ile ramani ya Makaburu bado iko barabarani. Sheria imekufa, lakini umbali haujafa. Mtu leo ana ruhusa ya kuishi popote, ila kodi ya nyumba mjini ndiyo inayompangia pa kulala. Jina Mbombela wanalitafsiri kuwa ni watu wengi waliobanana mahali padogo. Ukipanda basi la alfajiri unaona jina limekaa vizuri.

Uhuru haukuleta asali tupu, hilo nalo tuseme. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010 ulijengwa uwanja mzuri sana Mbombela, nguzo zake zimechongwa kama twiga na viti vyake kama pundamilia. Zilichezwa mechi nne. Lakini ardhi ya uwanja ilikuwa ya jamii ya wenyeji, na kwenye mkataba wa kwanza iliandikwa kuuzwa kwa randi moja. Randi moja wadau! Jaji aliyeusikiliza mkataba huo mwaka 2008 aliufananisha na wakoloni waliowapa watu vifungo na vioo ili wachukue nchi. Januari 2009 spika wa halmashauri, Jimmy Mohlala, aliyekuwa anapigia kelele ufisadi katika ujenzi wa uwanja, alipigwa risasi na kufa nyumbani kwake. Nyumbani kwake palikuwa KaNyamazane.

USIKU WA KITI

Namalizia na jambo langu mwenyewe.

Mnakumbuka Mei 2008, wageni waliposhambuliwa kule Sauzi kuanzia Alexandra. Waliuawa watu 62. Kinachosahaulika ni kwamba 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Ilifika mahali mtu anasimamishwa barabarani anaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ukishindwa, wewe mgeni. Lakini mwananchi wa kabila jingine naye anaweza kushindwa! Ndiyo hesabu ya lugha inapokuwa mpaka. Inaanza na wa mbali, inamalizia na jirani. Mwaka 2015 mambo yakarudi tena Durban na kwingine, kwa hiyo mimi nilipofika 2016 bado watu walikuwa na hofu.

Usiku mmoja meseji zilizagaa kwenye simu kwamba kesho maduka ya wageni yatapitiwa. Binamu akafunga mapema. Mimi nikakaa chumbani nakariri maneno ya Kiswati kama mtu anayesubiri mtihani, kiwiko, goti, kisigino. Gogo akanisikia. Akaja mlangoni akaniuliza nafanya nini, nikamwambia ukweli. Hakusema kitu. Alichukua kiti chake cha plastiki, blanketi na ile redio yake, akaenda kukaa getini. Alikaa pale mpaka kunakucha. Majirani wawili wazee wenzake walimfuata baadaye, wakaleta viti vyao, wakapiga stori na kucheka usiku kucha.

Haikuja kutokea kitu mtaani kwetu. Labda meseji zilikuwa uongo, labda siyo. Asubuhi nilimpelekea chai, nikamwambia "ngiyabonga gogo". Akaniambia lugha yao nijifunze, ni nzuri, lakini nisijifunze kwa woga. Kisha akasema yeye anawajua vizuri watu wanaouliza "wewe ni wa wapi", maana mwaka 1982 walimuuliza yeye.

Kwa hiyo yule ndugu yangu wa kijiweni, na wewe mdau unayesema tugawane kwa makabila, swali langu ni hili: huo mpaka wako ukishachorwa, bibi yangu wa ng'ambo ya Ruvuma utamweka upande gani? Na aliyejenga mji wako miaka 30 utamwambia akalale wapi?

Nawakilisha. Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, Namanga, Mutukula, Tunduma, Kasumulu, tupeni na stori zenu. Na mliowahi kuishi kule Bondeni, nilipokosea nirekebisheni.